Chumvi ya shangazi, vitunguu vya Kimana na mtihani wa pili wa Lemayian

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Lemayian Kisemei ameinama mbele ya dirisha la maabara, jicho moja amelifumba, anakagua chupa sita za jemu zilizopangwa dirishani. Juu ya kila chupa ameketisha kitunguu chekundu kilichoshikiliwa na vijiti vitatu vya kuchokolea meno, na chini yake mizizi myeupe inaning'inia ndani ya maji kama ndevu za mzee.

Anainua cha kwanza, anakigeuza, anakirudisha. Cha pili nacho anakirudisha. Cha tatu anakisemesha kwa Kimaasai, maneno mawili hivi, kisha anachukua wembe.

"Hiki kimeamka," anasema. "Angalia hizi ncha. Ziko nyeupe, ziko imara. Ukiona ncha imekuwa kahawia ama imelegea, usijisumbue. Hapo hakuna kitu."

Nje, wanafunzi wa shule hii ya kutwa iliyo kando kidogo ya mji wa Kitengela wanamaliza gwaride la asubuhi. Vumbi lao linapanda mpaka madirishani na Lemayian anafunga vioo haraka. Leo hataki hata chembe moja ya vumbi iingie humu ndani.

Saa nne atafika Bwana Gakuru, mtathmini kutoka Kajiado mjini. Akiridhika na kazi atakayoiona, Lemayian atapewa cheti cha fundi wa maabara, kile wanachopewa watu waliojifunza ujuzi wao kazini bila kupitia chuo. Asiporidhika, Januari bodi ya shule itaajiri mtu mwenye cheti na Lemayian atarudishwa langoni kuandika nambari za magari. Bodi imesema wazi kwamba kuanzia mwaka ujao hakuna asiye na cheti atakayeshika asidi ya shule.

Hii ni mara yake ya pili kutathminiwa. Mara ya kwanza alianguka, na alivyoanguka ni kisa cha peke yake. Ukimuuliza anacheka kwanza, halafu anavuta kiti.

Lemayian ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa karibu na Bisil, kwenye familia ya wafugaji, na alifika kidato cha pili kabla ya ukame wa mwaka 2000 kuwamaliza ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe walipoisha, karo nayo iliisha. Akaja Kitengela kutafuta kazi, akapata ya ulinzi katika shule hiihii.

Mpaka leo, kwenye orodha ya mishahara ya shule, jina lake liko chini ya walinzi. Hulipwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi, na huo ndio mshahara wa askari wa lango, japo ni miaka kumi na moja sasa tangu alipokaa langoni mara ya mwisho.

Aliyemtoa huko ni Mwalimu Valerie Adero, anayefundisha biolojia. Fundi wa maabara wa wakati huo alikuwa ameondoka ghafla kwenda kazi nzuri zaidi, na mtihani wa kitaifa ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwalimu Adero akamwomba askari amsaidie kubeba masanduku ya kemikali na kuyapanga kwenye rafu.

"Niliporudi baada ya saa moja, nilicheka mpaka nikakaa chini," anakumbuka mwalimu huyo. "Alikuwa amepanga chupa zote kwa rangi. Nyeupe huku, samawati kule, zenye madoa peke yake. Nikamuuliza, 'Na wewe, hii ni nini?' Akaniambia, 'Madam, si kila ng'ombe hujulikana kwa rangi yake?'"

Kupanga kemikali kwa rangi ni njia nzuri ya kuchoma shule, na Mwalimu Adero alimweleza hivyo bila kumficha. Akamwonyesha ni zipi hazikai jirani na ni zipi zinalindwa dhidi ya mwanga. Alimwambia mara moja tu. Siku ya pili alimkuta amezipanga upya, na hakukuwa na hata chupa moja iliyokosewa mahali.

"Mtu aliyechunga ng'ombe mia moja na hamsini na kuwajua wote, chupa sitini zitamshinda?" anauliza Lemayian.

Kazi iliyomnasa, hata hivyo, ilikuwa ya vitunguu. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne huonyeshwa jinsi seli ya kiumbe hai inavyogawanyika kuwa mbili, na mahali rahisi pa kuiona ni kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu. Hapo ndipo mzizi unapokua, na kukua maana yake ni seli moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, mchana kutwa.

Yataka subira. Ncha hukatwa, milimita mbili au tatu tu, ikatiwa kwenye asidi ya uvuguvugu kwa dakika tano ili seli ziachane. Husuuzwa, ikapakwa rangi, ikawekwa juu ya kioo, ikafunikwa na kioo kingine chembamba na kubanwa kwa kidole gumba. Ukibana kidogo mno, seli zinabaki zimerundikana. Ukizidisha, kioo kinavunjika na unaanza upya.

"Mara ya kwanza kuangalia kwenye hadubini nilidhani ni uchafu," anasema Lemayian. "Nikaona vyumba vyumba, na ndani ya kila chumba doa moja jeusi. Madam akaniambia, 'Songeza polepole.' Nikasongeza. Nikafika kwa moja ambayo doa lake limefunguka, limekuwa nyuzi nyuzi. Nyingine nyuzi zimejipanga katikati. Nyingine zimegawana, nusu zinavutwa huku, nusu zinavutwa kule. Nikatoa jicho, nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimepitia maisha yote bila kujua hiyo kitu inaendelea ndani yangu."

Siku hiyo alifika nyumbani akamkuta mkewe, Soipan, akimbadilisha nguo mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa na miezi saba. Akamweleza yote, kwamba hata sasa, hapo walipo, ndani ya mwili wa mtoto yule kuna maelfu ya seli zinazogawanyika. Soipan alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta soksi isiyoingia mguuni.

"Ndiyo maana nguo zake hazimtoshi," akasema.

Kitengela haikumrahisishia kazi hiyo. Maji ya kisima cha shule yana chumvi, kama ya visima vingi vya upande huu, na kitunguu ukikiweka humo hutoa mizizi mifupi, mibishi, yenye seli chache za kuonyesha. Ilimchukua mihula miwili kugundua. Tangu hapo hukinga maji ya mvua kwenye mitungi minne ya plastiki, ameiandika VITUNGUU kwa rangi nyekundu, na mwalimu akionekana akichota humo maji ya chai husikia maneno.

Halafu kuna vitunguu vyenyewe. Vile vinavyotoka Kimana ni vikubwa na vyekundu kweli, lakini wachuuzi hupenda kuvikata mizizi kwa kisu ili vipendeze mezani. Kikikatwa sana, kitako chote cha mizizi huondoka na kitunguu hakioti tena. Kwa hiyo Lemayian huenda sokoni mwenyewe, kwa Evalyne, mama anayeuza vitunguu karibu na kituo cha magari, na kuomba vile ambavyo bado havijapambwa.

"Huyu ndiye mteja wangu wa ajabu," anasema Evalyne. "Wengine wanataka kitunguu kisafi. Yeye anataka chenye udongo na ndevu. Nikamuuliza, 'Baba, unapika ama unafuga?'"

Machi mwaka jana, Lemayian alifunga safari yake ya kwanza kwenda kutathminiwa Kajiado mjini. Tathmini ilikuwa saa mbili asubuhi, na kwa kuwa hakutaka kubahatisha, aliondoka siku moja mapema akiwa na chupa nne kwenye kikapu. Alifikia kwa shangazi yake, Tabitha, dada ya baba yake.

Tabitha ni mama wa miaka sitini na mitatu, mfanyabiashara wa ngozi. Hununua ngozi mbichi kutoka machinjioni, huzitandaza, huzipaka chumvi ya mawe kwa viganja vyake na kuzipanga marundo kabla ya kuziuza. Amefanya hivyo miaka thelathini. Kwake, kitu chochote kinachotaka kuoza dawa yake ni moja.

Lemayian aliweka chupa zake juu ya kabati, akala, akalala usingizi wa mtu aliyejiandaa. Tabitha alipopita pale alisikia harufu. Kitunguu kilichokaa majini siku nne hakinukii kama waridi, na mama huyu aliingiwa na aibu kwa niaba ya mpwa wake.

"Nikajiuliza, mtoto wa ndugu yangu apeleke kitu kinachonuka mbele ya wakubwa?" anasema Tabitha, tuliyezungumza naye kwa simu. "Nikachukua chumvi, nikatia kiganja kimoja kwa kila chupa. Nikakoroga kwa kijiti. Nilimsaidia."

Hakumwambia. Kwake lilikuwa jambo dogo tu, kama kufunika kibuyu cha maziwa.

Asubuhi Lemayian aliona mizizi imelegea, akadhani ni uchovu wa safari. Mbele ya Bwana Gakuru alikata ncha, akaitia kwenye asidi, akaipaka rangi, akaibana kwa gumba lilelile lililozoea. Aliweka jicho kwenye hadubini. Seli zote zilikuwa zimejikunyata. Hakukuwa na nyuzi zilizojipanga wala zilizokuwa zikivutwa, ila madoa yaliyofinyaa, moja baada ya jingine, kioo kizima.

Akajaribu ncha ya pili, ya tatu, ya saba. Saa moja na nusu ikapita. Sehemu ya pili ya tathmini hakuigusa kabisa. Bwana Gakuru alivua miwani, akaandika kwenye fomu: "Bado hajafikia ujuzi."

Lemayian hakurudi moja kwa moja kwa shangazi. Alitembea mpaka soko la mifugo, kwa sababu ilikuwa siku ya mnada, akasimama katikati ya ng'ombe wa watu mpaka machozi yakamkauka. Anasema hivyo bila haya. Miaka kumi ya kazi ilikuwa imemponyoka mikononi naye hajui ni kwa nini.

Alijua jioni, aliporudi kuchukua begi. Tabitha alimpokea mlangoni akiwa na swali.

"Vilifika bila kunuka?"

"Kwani ulivifanya nini, yeyo?" akauliza, akitumia neno la Kimaasai la kumwita mama.

Shangazi akamweleza, tena kwa fahari kidogo. Lemayian alichovya kidole kwenye chupa moja na kukilamba. Maji yalikuwa makali kuliko ya kisima chochote cha Kitengela.

Mtu mwingine angefoka. Yeye alimshukuru shangazi yake kwa chakula na malazi, akabeba kikapu, akaondoka. "Ningemwambia nini? Alitia chumvi kwa mapenzi," anasema. "Na kwetu humfokei mtu aliyekubeba mgongoni."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Neno moja kwenye ile fomu lilimkaa moyoni, nalo ni "bado". Gakuru hakuandika kwamba hawezi. Lemayian aliirudia nakala ya fomu hiyo mara nyingi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la kemikali, na kila alipochukua chupa aliisoma tena.

Agosti, shuleni kukiwa na likizo, Tabitha alikuja Kitengela kuwaona watoto wa mpwa wake. Soipan ndiye aliyemfungulia siri bila kukusudia, wakipika. Mama wa watu aliacha sufuria jikoni, akatoka, akamtafuta Lemayian alipokuwa.

"Ni mimi nilikuangusha?"

Lemayian alimchukua, wakaenda shuleni kwa miguu, akafungua maabara. Kulikuwa na kitunguu chekundu kimoja kwenye rafu. Akabandua ngozi nyembamba kabisa, ile ya zambarau inayofunika jani nene la kitunguu, akaitandaza kwenye kioo na tone la maji ya mvua, akamwambia shangazi aangalie. Tabitha akaona vyumba vilivyojaa zambarau mpaka kwenye kuta.

Kisha Lemayian akadondosha maji ya chumvi upande mmoja wa kioo. Upande wa pili akaweka kipande cha karatasi nyororo kuyavuta yapite chini. "Usitoe jicho, yeyo."

Ile zambarau ikaanza kurudi nyuma. Ilijitenga na kuta, ikasinyaa, ikabaki kipande kidogo katikati ya kila chumba. Lemayian alimweleza kwamba kila seli ina utando unaoifunika ndani ya ukuta wake, na utando huo una kazi ileile ya mlango wa boma. Maji hupita, yakiingia na kutoka. Chumvi haipiti kwa urahisi. Nje kukiwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji huondoka kuifuata chumvi iliko, na seli hubaki imekunjamana.

Tabitha alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa na mshangao wa mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Miaka thelathini naona maji yakitiririka chini ya ngozi zangu," alisema. "Nilidhani ni chumvi inayeyuka. Kumbe yanatoka humu."

"Yanatoka humu. Na wale wadudu wa kuozesha, nao chumvi huwanyang'anya maji yao. Ndiyo maana ngozi haiozi."

"Basi nilivinyima vitunguu vyako maji."

"Ulivinyima. Seli haiwezi kujigawanya ikiwa imekaukiwa. Inangoja tu, ama inakufa."

Mama alitikisa kichwa. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. Halafu, badala ya kunyamaza kama wengi tunavyonyamaza baada ya methali, aliinamia tena hadubini. "Hebu mrudishie."

"Nini?"

"Maji yake. Mrudishie nione."

Lemayian hakuwa amewahi kufanya hivyo. Kwa miaka yote hiyo, wanafunzi walipokwisha kuona seli imesinyaa, walichora picha, kengele ikalia, kioo kikaoshwa. Vitabu alivyosoma vilisema jambo hilo linawezekana, ila yeye hakuwahi kulijaribu. Akachota maji ya mvua, akadondosha, akaweka karatasi, wakangoja.

Dakika ya nne zambarau ikaanza kusogea. Ikaenda ikijaa taratibu, kona kwa kona, mpaka ikagusa kuta tena. Tabitha akapiga makofi peke yake katikati ya maabara tupu.

"Haikuwa imekufa," akasema. "Ilikuwa na kiu."

Baada ya siku hiyo, Lemayian alirudia jaribio hilo zaidi ya mara arobaini. Alitaka kujua seli inavumilia chumvi kwa muda gani kabla ya kushindwa kurudi, na kwa chumvi ya nguvu gani. Aliandika yote kwenye daftari la miraba. Mwalimu Adero alipoliona alilichukua akaenda nalo darasani, na sasa wanafunzi wa kidato cha pili hufanya jaribio hilo mpaka mwisho, kusinyaa na kurudi.

Saa nne na dakika tano, gari dogo la kijivu linaingia langoni. Bwana Gakuru ni mtu mrefu, mpole, mwenye miwani ya kamba shingoni. Anasalimiana na Mwalimu Adero, anamgeukia Lemayian.

"Sopa, Bwana Kisemei," anasema, kwa Kimaasai cha mtu aliyeishi Kajiado miaka mingi.

"Epa," anajibu Lemayian. Mikono yake ameificha mfukoni, lakini anaitoa inapofika zamu ya kuvaa glavu.

Sehemu ya kwanza inachukua dakika ishirini na tano. Kata, pasha moto, suuza, paka rangi, bana. Lemayian anaangalia kwanza, anasogeza kioo kidogo, anasogeza tena, kisha anarudi nyuma hatua moja na kumpisha mtathmini.

Gakuru anainama. Anakaa hapo.

"Hii ya katikati iko hatua gani?"

"Nyuzi zimejipanga mstari. Ukienda kulia kidogo, utaona moja zimeshavutana. Chini yake kuna moja ambayo ukuta mpya umeanza kujengwa katikati."

"Kromosomu ngapi?"

"Kitunguu kina kumi na sita. Lakini hapo hutaweza kuzihesabu zote, zimelaliana. Niko na kioo kingine zimetawanyika vizuri."

"Kwa nini seli nyingi hapa hazigawanyiki?"

"Kila moja huwa na wakati wake. Kati ya mia, ukipata nane ama kumi zinazogawanyika, shukuru. Zile zingine ziko kazini, zinajiandaa."

Gakuru anaandika. Mwalimu Adero, aliyekaa nyuma kabisa kwa ahadi kwamba hatasema neno, anauma kucha.

Sehemu ya pili ndiyo ile ambayo mara ya kwanza hawakuifikia. Fomu inamtaka mtahiniwa aonyeshe jinsi maji yanavyopita kwenye utando wa seli, kwa kifaa na kiumbe anachochagua mwenyewe. Lemayian anabandua ngozi ya kitunguu chekundu. Anaonyesha seli zilizojaa. Anatia chumvi. Zambarau inasinyaa, na Gakuru, aliyeona jaribio hilo mara nyingi kuliko nywele zake, anafungua kalamu ili amalize.

"Ngoja kidogo, Bwana Gakuru," anasema Lemayian. "Sijamaliza."

Anachota maji ya mvua. Anadondosha upande mmoja, karatasi upande wa pili. Inapita dakika moja, ya pili, ya tatu. Gakuru anatazama saa yake, anatazama hadubini, halafu anaisahau saa. Zambarau inarudi kwenye kuta, seli baada ya seli.

"Kuna moja hapa juu haijarudi," anasema mtathmini.

"Hiyo haitarudi. Utando wake umepasuka."

"Umejuaje?"

"Rangi yake imevuja. Utando ukiwa mzima, maji hupita lakini rangi inabaki ndani. Hiyo imemwaga yote. Imekufa, na sitakudanganya kwamba nitaifufua."

Gakuru anainua uso, anamtazama. Ni wazi kwamba anaikumbuka Machi.

"Wengi hukomea kwenye kusinyaa. Nani alikufundisha kurudisha maji?"

"Shangazi yangu," anasema Lemayian. "Anauza ngozi."

Mtathmini anaketi kwenye kigoda cha wanafunzi, magoti yakimfika kifuani, na kujaza fomu bila haraka. Anaipiga sahihi. Anaeleza kwamba karatasi lazima ipitie Kajiado na kwamba cheti chenyewe kitachukua wiki kadhaa kufika. Kisha anaigeuza ile fomu juu ya meza ili Lemayian aisome mwenyewe.

Pameandikwa: "Amefikia ujuzi." Safari hii hakuna "bado".

Lemayian anaisoma mara mbili. Anavua glavu, anaenda kwenye sinki na kuanza kuosha vioo, mgongo ameupa watu. Mwalimu Adero anamfuata, anamwekea mkono begani. Wanamalizia vioo pamoja.

"Nimefurahi," anasema Lemayian hatimaye, akigeuka. "Nimefurahi kweli. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia lile lango kwa macho mengine."

Anampigia Soipan kwanza, kisha Tabitha. Simu ya shangazi anaiweka kwa sauti ili wote wasikie.

"Umepita?"

"Nimepita, yeyo."

Shangazi anasikika akimwita mtu, akimwambia kwa Kimaasai, huyo mtu naye akipiga kelele za furaha. Kisha anarudi kwenye simu na swali lingine.

"Na vile vitunguu, sasa mnavila ama mnavitupa?"

Gakuru ameshaondoka, mwalimu mkuu amekuja kumpa mkono, na sasa Lemayian ana jambo analotaka liandikwe. Cheti hiki kitamlindia kazi. Lakini ukitaka kusomea stashahada ya maabara unadaiwa matokeo ya kidato cha nne, na yeye aliishia cha pili. Kwa hiyo mwaka ujao atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Amepanga kusoma na Mwalimu Adero Jumamosi, na mengineyo atayasoma peke yake.

Kwa miaka kumi na moja ameandaa mtihani wa vitendo wa biolojia kwa watahiniwa zaidi ya mia nane. Amewawekea hadubini, amewakatia vitunguu, kisha ametoka nje na kufunga mlango ili wao waandike. Yeye hajawahi kuwa ndani mlango ukifungwa.

"Tatizo ni moja," anasema. "Siku hiyo nikiwa mahali nimeshika kalamu, hapa nani atawaandalia hawa watoto?"

Jibu analo tayari. Shuleni kuna dada anayeitwa Cate, anayefanya kazi jikoni, ambaye wiki iliyopita alimsimamisha kwenye ukumbi wa chakula na kumuuliza kwa nini kabeji aliyoikata na kuitia chumvi hukutwa ikiogelea kwenye maji ambayo yeye hakuyatia. Lemayian alimwambia aje maabara Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, na aje na hiyo kabeji.

"Mimi nilianza kwa kubeba masanduku," anasema. "Huyu ameanza kwa kuuliza. Atanipita."